Mzigo kwa umma: ombi la mume au mke hukwama kwenye hati ya udhamini, si kwenye stempu za chakula

Tangu Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ichapishe, Novemba 19, 2025, pendekezo la kuifuta kanuni ya mwaka 2022 inayohusu mzigo kwa umma (hoja ya kumnyima mtu viza au ukaazi kwa kuhofia kwamba ataishi kwa kutegemea serikali), dawati letu la msaada wa uhamiaji limekuwa likipokea swali lile lile kwa sura mbalimbali. Nimtoe mtoto kwenye Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, kabla mume wangu hajaomba ukaazi? Nirudishe kadi ya stempu za chakula? Mke wangu akijifungulia hospitali ya kaunti, ombi lake ndiyo basi?

Wanaouliza wana nia njema, na hofu yao inaeleweka. Lakini hofu hiyo inawanyima watoto chakula na matibabu bila kulisaidia ombi hata kidogo. Na wakati nguvu zote zinaishia huko, karatasi inayoamua kweli kweli, hati ya udhamini (fomu I-864), inajazwa usiku mmoja, mezani jikoni, kwa kukisia.

Pendekezo ni pendekezo. Hadi makala haya yanaandikwa, maofisa wa USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, wanaoshughulikia maombi yaliyowasilishwa ndani ya Marekani wanatumia kanuni iliyoanza kazi Desemba 23, 2022. Misaada inayohesabiwa chini ya kanuni hiyo ni michache: SSI (fedha za wazee na walemavu wenye kipato kidogo), fedha taslimu za TANF (msaada kwa familia maskini), fedha taslimu za kujikimu zinazotolewa na jimbo, kaunti au mamlaka ya kikabila, na kulazwa kwa muda mrefu katika taasisi ya matunzo kwa gharama ya serikali. SNAP (stempu za chakula), WIC (lishe ya wajawazito na watoto wadogo), CHIP (bima ya afya ya watoto), chakula cha shuleni, ruzuku ya nyumba na Medicaid ya kawaida havimo. Mafao ya kukosa kazi hayamo pia, kwa kuwa yanatokana na kazi. Na msaada anaopewa mtoto ambaye ni raia ni wa mtoto. Hauandikwi kwa mzazi anayeomba ukaazi. Jambo hili limeelezwa mara nyingi mno, na bado kuna wazazi wanaofuta kliniki ya mtoto kwa sababu ya ujumbe wa sauti uliosambazwa WhatsApp.

Tahadhari mbili zinahitajika. Kwanza, hatuwezi kumwahidi mtu kanuni itakuwaje siku atakapofanya usaili. Pendekezo halikuweka tafsiri mpya mahali pa ile inayofutwa, na likipita, ofisa atakuwa na uwanja mpana zaidi wa kupima. Pili, mwombaji anayefanya usaili ubalozini hapimwi kwa kanuni hiyo ya 2022. Maofisa wa viza wako chini ya Wizara ya Mambo ya Nje na wana mwongozo wao. Mwenye mke aliyeko Mombasa asijipime kwa alichoambiwa jirani ambaye mkewe aliombewa akiwa tayari Ohio.

Sasa hati yenyewe. Sheria ya 1996 ndiyo iliyoifanya fomu I-864, ambayo kwayo mdhamini huahidi kumtunza anayeombewa, kuwa mkataba unaoweza kudaiwa mahakamani. Mume au mke anayeombewa bila I-864 inayotosheleza hukataliwa kwa hoja ya mzigo kwa umma hata kama hajawahi kugusa senti ya serikali, awe na afya na shahada mbili. Sharti hili liko ndani ya sheria yenyewe iliyopitishwa na Bunge, kwa hiyo kanuni ya wizara ikifutwa au ikibaki, lenyewe halisogei.

Kiwango ni asilimia 125 ya mstari wa umaskini wa serikali kuu. Mwanajeshi aliye kazini anayemwombea mwenzi wake anahitaji asilimia 100 tu. Kwa takwimu za 2025, nje ya Alaska na Hawaii ambako viwango viko juu zaidi, kaya ya watu 2 ilihitaji dola 26,437 kwa mwaka. Watu 3, dola 33,312. Watu 4, dola 40,187. Watu 5, dola 47,062. Viwango hubadilika kila mwaka na huchapishwa katika fomu I-864P. Tumieni ile ya mwaka mnaowasilisha, si picha iliyobaki kwenye simu tangu binamu yenu aombe.

Kosa la kwanza ni kuhesabu watu. Kaya ya mdhamini ni yeye mwenyewe, mwenzi wake, watoto wake wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21, wategemezi wengine aliowaandika kwenye ritani ya kodi, wanaohamia sasa kwa udhamini wake, na yeyote aliyewahi kumdhamini kwa I-864 ambayo bado ina nguvu. Huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika. Ukimdhamini mama mwaka 2021, na hajawa raia wala hajafikisha robo 40 za kazi (kama miaka kumi), mama yumo kwenye hesabu ya mkeo. Mtu mmoja hahesabiwi mara mbili.

Kosa la pili, na hapa ndipo wanapoanguka wengi katika jamii yetu, ni kutojua mapato yapi yanatazamwa. Chukua dereva wa lori mwenye lori lake, raia, mwenye watoto wawili anaoishi nao, anayemwombea mke. Kaya ni watu 4. Kampuni ilimpa fomu 1099, ya malipo ya aliyejiajiri, ya dola 180,000, naye anaandika 180,000 kwenye I-864 kwa moyo mweupe. Lakini kwenye ritani yake, baada ya kutoa dizeli, bima, matengenezo, matairi na uchakavu wa lori, faida iliyobaki ni dola 29,500. Ofisa anafungua fomu 1040, ndiyo ritani yenyewe, anashuka hadi mstari wa 9, jumla ya mapato, na kinachosomeka pale ni 29,500. Uchakavu haurudishwi kwenye hesabu kwa sababu tu fedha yake haikutoka mfukoni. Huwezi kuiambia mamlaka ya kodi ulipata kidogo, kisha uiambie uhamiaji ulipata nyingi, katika mwaka ule ule.

Huyu dereva, kwa kiwango cha 2025, amepungukiwa dola 10,687, na bado ana njia. Mali inaweza kuziba pengo. Kwa raia anayemwombea mwenzi, thamani ya mali iwe mara 3 ya upungufu, yaani dola 32,061. Angekuwa mkaazi wa kudumu badala ya raia, ingekuwa mara 5, dola 53,435. Mali iwe inaweza kugeuzwa fedha ndani ya mwaka mmoja bila kumwacha mtu bila makao. Akiba benki ndiyo nyepesi kuthibitisha: taarifa za miezi 12, zikionyesha fedha zimekaa na si zimeingia wiki iliyopita. Nyumba huhesabiwa kwa bei ya soko ukitoa deni la mkopo. Gari halihesabiwi isipokuwa una jingine unalotumia. Kiwanja Kibaha au Kitengela kinakubalika, ila kinahitaji hati ya umiliki, ripoti ya mthamini, na maelezo ya namna fedha zitakavyotoka nchini kikiuzwa. Mali ya mwombaji mwenyewe, yule anayeombewa, inaweza kuingizwa pia.

Njia nyingine ni mdhamini mwenza, na hapa pana mkanganyiko unaochosha. Mdhamini mwenza hachangii kile kilichopungua. Anapaswa kufikisha kiwango peke yake, kwa kaya yake yote ukimjumlisha na mwombaji. Kaka mwenye mke na watoto wawili ana kaya ya 4. Akimdhamini shemeji yake, ni 5, na kwa takwimu hizo za 2025 anahitaji dola 47,062 zake mwenyewe. Kujumlisha zako 29,500 na zake 20,000 hakuruhusiwi. Kujumlisha kunaruhusiwa pale tu ndugu huyo anapoishi nyumba moja nawe na kusaini I-864A kama mwanakaya. Fomu ni nyingine na mantiki ni nyingine. Na hata akipatikana mdhamini mwenza mwenye mapato makubwa kiasi gani, aliyewasilisha I-130, fomu ya kumwombea mwenzi au ndugu, bado lazima ajaze I-864 yake, hata kama mapato yake ni sifuri. Faili zinarudishwa kila mara kwa kukosa karatasi hii moja.

Ushahidi unaodaiwa na kila mdhamini ni ritani ya kodi ya serikali kuu ya mwaka wa karibuni. Badala ya nakala, chukueni transkripti ya IRS (muhtasari wa ritani kutoka mamlaka ya kodi), ambayo ni bure na inaondoa haja ya kuambatisha W-2, fomu ya mshahara ya mwaka. Ritani ya jimbo haihitajiki. Ongezeni barua ya mwajiri na karatasi za mshahara za miezi sita, hasa kama mapato ya sasa ni makubwa kuliko ya mwaka uliopita, kwani kinachopimwa ni mapato ya sasa. Mdhamini mwenza aambatishe uthibitisho wa uraia au ukaazi wake. Ambaye hakupeleka ritani kwa kuwa mapato hayakufikia kiwango cha kisheria aeleze hivyo kwa maandishi. Ambaye alipaswa kupeleka na hakupeleka, apeleke kwanza. Hili linawahusu pia raia wa Marekani wanaoishi Nairobi au Dar es Salaam na kudhani kwamba kuishi nje kumewaondoa kwenye kodi. Hao wana kazi ya ziada: mdhamini awe na makazi Marekani, au aonyeshe kwa vitendo kwamba anarudi kabla au pamoja na mwenzi wake, kwa mkataba wa nyumba, ahadi ya kazi au uandikishaji wa watoto shuleni.

Kwa anayeomba akiwa ndani ya Marekani, I-485, fomu ya kuomba ukaazi, nayo ina maswali ya mzigo kwa umma: idadi ya kaya, mapato, mali, madeni, elimu, ujuzi, misaada iliyopokewa. Ofisa anapima umri, afya, hali ya familia, fedha na elimu kwa pamoja, na hakuna kipengele kimoja kati ya hivyo kinachomwangusha mtu peke yake. Pasipo na kitu andikeni sifuri au hakuna. Nafasi iliyoachwa wazi huzaa barua ya kudai ushahidi, na barua hiyo huwapa siku zisizozidi 84 za kujibu.

Sasa upande ambao wadhamini wengi husaini bila kuusoma. Wajibu wa I-864 huisha pale mwombaji anapokuwa raia, anapofikisha robo 40 za kazi, ambazo kwa kawaida ni miaka kumi, anapoondoka Marekani na kupoteza ukaazi, au mmoja wao anapofariki. Talaka haimo. Ndoa ikivunjika baada ya miezi minane, mdhamini anaendelea kuwajibika, na mtalaka anaweza kumshtaki amtunze hadi asilimia 125 ya mstari wa umaskini. Wakala wa serikali aliyetoa msaada unaotegemea kipato naye anaweza kudai arudishiwe. Mdhamini mwenza, yule rafiki wa msikitini au wa kwaya aliyeambiwa "ni saini tu", yumo vile vile. Mwelezeni ukweli huu kabla hajashika kalamu. Kumficha ni kumdhulumu.

Mdhamini akihama nyumba anapaswa kuwasilisha fomu I-865 ndani ya siku 30. Asipofanya hivyo, faini ni dola 250 hadi 2,000. Na kama alijua kuwa aliyemdhamini amepokea misaada inayotegemea kipato, dola 2,000 hadi 5,000. Mdhamini ambaye ni mkaazi wa kudumu ana fomu nyingine tena, AR-11, ndani ya siku 10. Moja haichukui nafasi ya nyingine. Ama kughushi karatasi za mshahara au barua ya mwajiri, huko si faini: mwombaji anayejipatia viza kwa udanganyifu anajifungia mlango wa Marekani kwa maisha, na msamaha wake hauji kirahisi.

Wapo wasiohusika na haya yote. Wakimbizi, waliopewa hifadhi, wenye viza za U na T (waathirika wa uhalifu na wa usafirishaji haramu wa binadamu), na wenzi walionyanyaswa wanaojiombea wenyewe chini ya sheria ya VAWA hawapimwi kwa mzigo kwa umma. Aliyeingia kama mkimbizi kutoka Nyarugusu au Kakuma, na alikuwa amefunga ndoa kabla ya kuingia, anaweza kumwombea mwenzi wake kwa fomu I-730 ndani ya miaka 2 tangu aingie, bila I-864 na bila ada. Inasikitisha kuona Wakongomani na Warundi wakishauriwa na wajaza fomu wa mitaani wasubiri ukaazi kwanza, miaka 2 ikapita, wakalazimika kutumia I-130 pamoja na hesabu zote zilizoelezwa hapa. Kasi ya kushughulikiwa kwa I-730 ni suala jingine. Haki ya kuiwasilisha isipotee. Ushauri wa sheria utafuteni kwa wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, si kwa kila mwenye kompyuta na printa.

Kuondoa masharti ya ukaazi wa muda wa mwenzi kwa fomu I-751, kubadilisha kadi iliyokwisha muda na kuomba uraia hakuna kipimo cha mzigo kwa umma. Mkaazi aliyekaa nje ya Marekani zaidi ya siku 180 mfululizo ndiye anayeweza kupimwa upya anaporudi.

Na kwa aliyekataliwa ubalozini kwa hoja hii, karatasi aliyopewa isitupwe. Akipeleka ushahidi mpya ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya kukataliwa, kwa mfano I-864 ya mdhamini mwenza anayetosheleza, ombi linaangaliwa upya bila kulipa tena ada ya viza. Mwaka ukipita, analipa upya.