Mdudu wa kung'aa hajaua mkorosho wako, acha kumsingizia

Jamani nirudie tena, maana huku Newala na Tandahimba kila nikiitwa shambani kesi ni ileile, mtu kafungia mbawakawa wa kijani kwenye chupa ya maji ananiambia bwana shamba, muuaji wa mkorosho wangu huyu hapa. Siyo yeye! Yule mkubwa anayeng'aa mnayemuona mvua zikishachanganya ni jamii ya Sternocera, funza wake anakaa udongoni kwenye mizizi, akikua anatafuna majani, hasa ya migunga.

Mchawi wako yupo shinani. Chuchumaa uangalie, ukiona utomvu mweusi umechanganyika na unga wa mti unatokea kwenye gome, bandua na panga, ndani utakuta funza mweupe mnene, kichwa cha kahawia, hana miguu, kajikunja. Huyo ni mtoto wa fukusi wa mkorosho, Mecocorynus loripes, na mzazi wake ana rangi ya kijivu na kahawia, mgongo vinundu vinundu, akitulia kwenye gome humuoni hata ukodoe macho, ndo maana lawama zote zinamwangukia anayemeremeta. Wa kung'aa wanaotoboa miti wapo, sikatai, ila funza wao kifua kipana kimebapa halafu mwili mwembamba, na tundu analotokea mkubwa wake mara nyingi lina umbo la herufi D, na wengi wanafuata mti ambao tayari una shida, umepigwa na ukame, umeungua au umekatwa.

Mkorosho ulioliwa shina zima usiuonee huruma bwana, kata, bandua magome, choma. Ukiuacha umesimama unafuga mafukusi ya kijiji kizima.

Salfa? Salfa ni ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, basi. Funza yuko chini ya gome anakula zake, wewe unapulizia majani!

Eti ile rangi ya mdudu wa kung'aa ni sumu. Hakuna, ni tabaka nyembamba za ganda zinacheza na mwanga, kama dizeli juu ya dimbwi, ndo maana hata akifa anaendelea kung'aa.

Na kitanda cha mwembe kinachomwaga unga laini kila asubuhi, hao ni wadudu wengine kabisa. Hawa wa kung'aa wanaotoboa miti wanataga kwenye gome, mbao kavu iliyorandwa hawarudi kuitagia. Anaweza kutokea mmoja aliyeingia tangu mti uko msituni, mwenzao wa Amerika ya Kaskazini, Buprestis aurulenta, alishawahi kutoka kwenye mbao baada ya miaka zaidi ya 50. Akikutokea chumbani mfungulie dirisha aende zake, kitanda hakina shida.