Mwenye Huzuni Naye Ana Majilio Yake: Dhana Potofu Kuhusu Furaha ya Kipindi Hiki

Nafundisha katekesi ya watu wazima hapa Dar es Salaam, na kila Majilio, yaani majuma ya kungojea Noeli, yanapokaribia, waamini wanaotaka kuzungumza nami mmoja mmoja huongezeka, kwa kuwa wengi wanatamani kujiandaa vizuri kwa Noeli. Maswali yao hutofautiana, lakini ipo kauli moja ambayo nimeisikia mara nyingi mno, hata nimeona niijibu kwa maandishi: kwamba mtu asiyejisikia kuchangamka katika kipindi hiki hana furaha ya Kikristo, na kwamba kasoro iko kwenye imani yake.

Kauli hii husemwa na watu wema, mara nyingi kwa nia ya kufariji. Mama mmoja aliyemzika mumewe mwezi wa Oktoba alibaki kwenye kiti chake cha plastiki baada ya sala ya Jumuiya ya mtaani, wenzake wakikusanya vitabu vya nyimbo, akaniambia: "Mwalimu, mwaka huu naomba nikae pembeni kwanza, nisije nikawaharibia wenzangu Majilio." Alikuwa ameambiwa na mwanajumuiya mwenzake kwamba Mkristo wa kweli hawezi kufika Dominika ya Furaha akiwa bado analia. Maneno hayo yananiuma, kwa sababu hayana msingi katika Maandiko wala katika liturujia, na yanamtenga mtu na Kanisa katika majuma yale yale ambayo Kanisa limeyaweka kwa ajili ya wanaongojea gizani.

Tuitazame Dominika yenyewe. Dominika ya tatu ya Majilio huitwa ya Furaha, au Gaudete ("furahini" kwa Kilatini), kutokana na antifona yake, yaani wimbo mfupi wa mwanzo wa Misa, inayotoka katika Waraka kwa Wafilipi: "Furahini katika Bwana siku zote, tena nasema, furahini." Mtume Paulo, aliyeandika maneno hayo, alikuwa kifungoni, na katika sura ya kwanza ya waraka huo anavitaja vifungo vyake tena na tena. Sababu anayoitoa ya kufurahi haihusu afya yake, wala kesi yake, wala hali ya moyo wake siku hiyo. Anasema tu kwamba Bwana yu karibu. Katika mwaka A, wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu (A, B na C) wa masomo ya Misa, Injili ya Dominika hiyo hiyo inatupeleka gerezani kwa mara nyingine, kwa Yohane Mbatizaji, ambaye anawatuma wanafunzi wake kumwuliza Yesu: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Kanisa lingeweza kutuchagulia simulizi la shangwe, lakini limetuchagulia nabii aliyefungwa na mwenye swali zito. Yesu hamkemei kwa kukosa furaha. Anamwonyesha matendo: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa habari njema, mambo ambayo Isaya aliyatangulia kuyatangaza katika sura ya 35, inayosomwa kama somo la kwanza siku hiyo hiyo. Furaha ya Yohane, basi, ilitakiwa isimame juu ya kile ambacho Mungu anafanya, hata kama mlango wa gereza haukufunguliwa. Na kweli haukufunguliwa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba furaha ya kiroho si fadhila inayosimama peke yake, bali ni tendo na matokeo ya upendo. Hapa ndipo ushauri wangu wote unapoanzia. Anayeitafuta furaha kwa kujipima kila asubuhi kama anajisikia vizuri ataishia kuchoka, kwa sababu anayatafuta matokeo na kukiacha chanzo. Anayempenda Mungu na jirani kwa matendo, hata kwa moyo mzito, amekwisha kushika kile kinachoizaa furaha. Mtume Paulo anajieleza pamoja na wenzake kuwa ni kama wenye huzuni bali siku zote wenye furaha, na Bwana mwenyewe, usiku wa kuamkia mateso yake, aliwaambia wanafunzi kwamba sasa wana huzuni, lakini watakuwa na furaha ambayo hakuna atakayewaondolea. Hayo mawili yamewekwa pamoja katika Maandiko, na sisi hatuna mamlaka ya kuyatenganisha.

Kwa hiyo nawasihi viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo waache kuwahimiza wafiwa kuchangamka. Wapange sala ya juma la tatu katika nyumba iliyofiwa ikiwa wenyeji wako tayari, wasome Isaya 35 na Mathayo 11 kwa utulivu, na wasimtake mwenye nyumba aongoze nyimbo. Nimwelekezapo mtu kama huyo, humpa sala moja tu, yaani Wimbo wa Maria, ambao Kanisa husali kila siku katika Masifu ya Jioni; ausali kila jioni, hata kwa sauti ya chini, bila kudai hisia yoyote.

Dhana ya pili nitaijibu kwa kifupi: kwamba Majilio ni Kwaresima ndogo, hivyo furaha ingoje hadi tarehe 25. Kanuni ya 1250 ya Sheria za Kanisa inataja siku za toba kuwa ni kila Ijumaa ya mwaka na kipindi cha Kwaresima, Majilio hayamo. Kanuni za mwaka wa liturujia za 1969 zinayaita kipindi cha kungojea kwa ibada na kwa furaha. Ndiyo sababu Aleluya, tofauti na wakati wa Kwaresima, inaendelea kuimbwa, na utenzi wa Utukufu unaachwa ili usikike upya usiku wa Noeli, pale unapoanzia katika wimbo wa malaika. Maua na kinanda vinaruhusiwa kwa kiasi. Kinachokatazwa ni kuitangulia furaha kamili ya Noeli, na kwaya zinazoimba nyimbo za pangoni tangu Dominika ya pili zingefanya vyema kulizingatia hilo.

Kuhusu vazi la padre la rangi ya waridi katika Dominika ya Furaha na taji la mishumaa minne ya Majilio, hakuna sababu ya mtu kujiona amepungukiwa kama parokia yake haina. Vazi la waridi linaruhusiwa bila kulazimishwa, na taji lenyewe linahusishwa na mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, aliyeliwasha Hamburg mwaka 1839. Ni desturi nzuri ya familia. Wokovu wa mtu hauko hapo.

Wengine huamini kwamba furaha ya watoto inategemea nguo mpya za Kariakoo na safari ya kwenda kwao, hata kwa mkopo wa kikundi ambao marejesho yake yatagongana na ada ya shule mwezi wa Januari. Papa Paulo VI, katika wosia wake wa kitume kuhusu furaha ya Kikristo wa tarehe 9 Mei 1975, alieleza kwamba jamii ya kisasa imefaulu kuzidisha nafasi za kujifurahisha lakini inapata taabu kubwa kuizaa furaha. Katika mwaka C, Yohane Mbatizaji anasema Dominika hiyo hiyo ya Furaha kwamba mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Nashauri kila familia ianzie hapo kabla ya kwenda dukani.

Mwisho kuna wanaoahirisha kitubio, wakidhani kuwa kuzikumbuka dhambi kunaharibu shangwe ya Desemba. Zaburi ya 51, ambayo ni zaburi ya toba, ndiyo inayoomba, "Unirudishie furaha ya wokovu wako." Kitubio ni njia ya kurudi kwenye furaha hiyo, na anayekingoja hadi tarehe 23 au 24 atakuta foleni ndefu na padre aliyechoka. Nenda katika majuma mawili ya kwanza, siku ya kazi, jioni, upate nafasi ya kusema bila haraka. Na kama unasafiri kwenda Moshi, Songea au Bukoba, ungama hapa hapa kabla ya siku ya basi.