Je, wajua kwa nini mbunge "hushika shilingi" ya Waziri?

Asubuhi moja pale Mwaloni, Kirumba, redio ndogo ilikuwa juu ya gunia la dagaa, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Dodoma Bunge lilikuwa linapitisha bajeti ya wizara. Mbunge mmoja akapaza sauti: nisipopata maelezo ya kutosha, nashika shilingi! Mama aliyekuwa akichambua dagaa akainua uso. "Mwanangu, hiyo shilingi moja anaishika ya nini? Si aombe mamilioni ya barabara?"

Nikamjibu kwamba mbunge akishika shilingi, fedha za wizara nzima zinasimama mpaka Waziri ajibu. Nilimjibu vibaya. Ndivyo nilivyoamini miaka yote, na watu wengi ninaowauliza hapa Mwanza wanaamini hivyo hivyo. Wengine husema Waziri hukatwa mshahara kama adhabu. Ukweli ni kwamba hakuna fedha inayosimama. Hoja ya shilingi, yaani ya kupunguza shilingi moja kwenye bajeti, ikipigiwa kura na kupita, wizara inapata bajeti yake pungufu ya shilingi moja, basi. Isipopita, au mbunge akiirudisha mwenyewe, bajeti inapita kama ilivyoletwa. Kinachopatikana ni nafasi ya kujadili jambo moja mbele ya Bunge zima, na Waziri kulazimika kulijibu hapo hapo.

Swali la yule mama lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Kwa nini mbunge hasemi tu, "Ongezeni fedha za barabara yangu"? Kusema anaweza. Kuziandika kwenye bajeti hawezi. Ibara ya 99 ya Katiba inaeleza kwamba hoja ya kuongeza kodi, au ya kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, lazima ipendekezwe na Rais na iletwe bungeni na Waziri. Mbunge ameachiwa mlango mmoja: kupunguza.

Fikiria nyumba ambayo baba ndiye anaandika orodha ya matumizi ya mwezi. Mkikaa sebuleni kuipitia, mnaruhusiwa kufuta au kupunguza, ila kuongeza hapana. Mtoto anatazama orodha yote, viatu vyake vya shule havimo. Kalamu ya kuandika "viatu" hana. Akipunguza fedha za unga, atalala njaa yeye mwenyewe. Lakini iko nauli ya baba. Anaweka kidole pale na kusema: hapa natoa shilingi moja, mpaka baba utuambie viatu vinakuja lini. Nauli haijaguswa kwa kiasi cha kumfanya baba atembee kwa miguu. Ila sasa kikao kizima kimegeuka kumtazama baba, na viatu ambavyo havikuwa kwenye orodha vimekuwa ndiyo mazungumzo.

Bungeni, nauli ya baba ni mshahara wa Waziri. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, wabunge hupitia bajeti kifungu kwa kifungu, na palipo na mshahara wa Waziri ndipo pa kuulizia sera, kwa kuwa Waziri analipwa kwa kazi yote ya wizara yake. Kiasi ni shilingi moja kwa sababu punguzo, hata liwe dogo namna gani, ni hoja kamili. India wana hoja ya namna hiyo hiyo, wao hupunguza rupia 100. Napenda sana kwamba sarafu iliyotolewa mwaka 1966, ambayo leo huioni sokoni wala kwenye daladala, bado inaweza kumwinua Waziri kitini.

Chukua mbunge mpya wa Ukerewe. Wapiga kura wake hawajasahau tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na watu zaidi ya 220 wakafa. Tuseme anataka kivuko kikubwa zaidi kati ya Bugolora na Ukara. Vivuko viko chini ya TEMESA, wakala wa Serikali wa ufundi na umeme, na TEMESA iko chini ya Wizara ya Ujenzi. Hata akiwa na kura za kisiwa kizima, hawezi kuchomeka kivuko kwenye kitabu cha bajeti. Anaweza kuuliza swali, kuchangia, kumfuata Waziri ofisini, na siku ya Kamati ya Matumizi akashika shilingi. Wanaomuunga mkono husimama, mjadala unafunguliwa, Waziri anajibu tena, kisha husikika maneno yanayowaudhi wasikilizaji wengi: "narudisha shilingi."

Kurudisha si lazima kuwe woga. Mara nyingi mbunge ameshapata alichokifuata, yaani kauli ya Waziri mbele ya Bunge. Tena Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali, kwa hiyo kati ya kunyamaza na kukataa kila kitu, shilingi ni njia ya katikati. Ila kauli ya Waziri si fungu la fedha. Barabara iliyoahidiwa Mei inaweza isionekane kwenye kitabu cha mwaka unaofuata.

Huku jimboni mbunge ni mjumbe wa Baraza la Madiwani na mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Fedha za mfuko huo hupitia halmashauri, na ni za kuchochea miradi midogo. Haziwezi kununua kivuko.

Nilirudi Mwaloni kumsahihishia yule mama. Akasikiliza, mikono ikiendelea na dagaa, kisha akauliza: "Sasa alipoirudisha, aliambiwa nini?" Hilo limo kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, Hansard, ambazo Bunge huziweka kwenye tovuti yake. Fungua siku ya bajeti ya wizara, tafuta neno "shilingi", usome alichosema Waziri kabla haijarudi.