Kirai au kishazi? Usihesabu maneno, badilisha wakati

Wanafunzi wengi wa sekondari ninaowafundisha Kiingereza hapa Mombasa wana kanuni waliyojitungia: fungu fupi la maneno ni kirai ("phrase"), refu ni kishazi ("clause"). Kanuni hiyo inawaponza, na ningependa sana waiache. "After the long heavy rains in April" lina maneno saba, nalo ni kirai. "When it rained" lina matatu tu, nalo ni kishazi.

Kinachotenganisha ni kitenzi chenye wakati, pamoja na kiima chake, yaani neno linalotaja mtendaji: kishazi kinavyo, kirai hakina. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunavijua vitu hivi tangu utotoni. Katika "alivuka", mtendaji na wakati vimo humo humo ndani ya kitenzi. Ukisema "kuvuka", vyote viwili vimeondoka. Kiingereza hukiweka kiima nje, kikasimama peke yake, na mara nyingi wakati hujificha katika umbo la kitenzi. Hapo ndipo jicho hudanganyika.

Kwa hiyo mimi husisitiza jaribio moja. Ihamishe habari nzima kutoka jana hadi leo, kisha utazame ni neno gani limegeuka. "When the ferry arrived at Likoni" inakuwa "When the ferry arrives at Likoni". Kitenzi kimegeuka na kiima kipo, basi ni kishazi. "On the ferry to Likoni" haina cha kugeuka. Ni kirai.

Jaribio hili huonyesha nguvu zake kwenye sentensi kama "The mangoes sold at Kongowea were sweet." Wengi wakiona "sold" hudhani wamepata kitenzi cha wakati uliopita. Hebu ihamishe: "The mangoes sold at Kongowea are sweet." Kilichogeuka ni "were", "sold" imebaki vile vile, maana kazi yake hapo ni kueleza maembe gani yanazungumziwa. Maembe hayakumuuzia mtu kitu. Sasa tazama "The women sold mangoes at Kongowea." Leo wanawake hao "sell". Umbo ni lile lile, lakini hapa lina wakati na lina mtendaji. Vivyo hivyo, "the boys swimming at Nyali" ni kirai mpaka uweke "are" kabla ya "swimming".

Niseme wazi kwamba wataalamu hawakubaliani kuhusu jina. Sarufi ya Randolph Quirk na wenzake ya mwaka 1985 huhesabu mafungu kama "sold at Kongowea" kuwa vishazi visivyo na wakati, ilhali mapokeo ya shuleni huyaita virai. Mwanafunzi anastahili kuambiwa hivyo mapema, asije akachanganyikiwa akifika chuo kikuu. Jaribio lenyewe halitikisiki, kwa sababu pande zote mbili zinakubali kwamba wakati haumo.

Tofauti hii huuma zaidi katika karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, pale mtahiniwa anapotakiwa kuandika sentensi upya kwa kufuata maagizo. Tuseme amepewa "Although it was raining, we crossed" na kuambiwa aanze na "Despite". Wengi huandika "Despite it was raining". "Although" hufuatwa na kishazi, "despite" hutaka kirai, hivyo "was" lazima iondoke: "Despite the rain, we crossed." "Because" na "because of" ni hivyo hivyo, na hapa Kiswahili kinatusaidia: hakuna anayesema "kwa sababu ya foleni ilikuwa ndefu".

Mwanafunzi makini ataniuliza: je, "Despite the rain that fell on Likoni"? Si "fell" ina wakati? Ndiyo, na "that fell on Likoni" ni kishazi kweli, ila kimo ndani ya kirai kikubwa zaidi kikieleza "rain". Kiondoe, na "despite the rain" bado inasimama.