Kwa nini gari jipya huonyesha utando wa buibui likiwa juani?

Egesha gari jeusi juani mchana wa saa saba, hata kama limetoka bandari ya Kilindini, Mombasa, wiki iliyopita tu. Juu ya boneti utaona mikwaruzo myembamba imelizunguka jua, duara ndani ya duara, mfano wa utando wa buibui. Kivulini huoni kitu. Mwenye gari ataapa kuwa hakuna aliyeligusa. Limeguswa, tena kwa nia njema: limeoshwa na kupanguswa.

La ajabu ni kwamba duara zenyewe hazipo. Usiku, washa tochi ya simu, imulike boneti, kisha tembea pole pole kutoka taa moja ya mbele hadi ya pili. Duara zitakufuata. Kama kweli zingekuwa zimechorwa pale, zingebaki pale. Kilichopo ni mikwaruzo mifupi mingi sana iliyoelekea kila upande, na jicho linapata ile tu iliyokatiza njia ya mwanga, kwa kuwa ndiyo inayourudisha mwanga kwako. Ile iliyokatiza, kila upande wa mwanga wa tochi, ndiyo inayojipanga ikawa duara. Ndiyo maana wanaojua kazi hufuta kwa kunyoosha mkono, si kwa kuzungusha. Mkwaruzo ukiingia utaingia tu, lakini utaonekana ukisimama upande mmoja, si kila unapopita.

Kinachokwaruzika si rangi. Juu ya bati la gari kuna praima ya kuzuia kutu, juu yake rangi, na juu ya rangi vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi huiita klia. Vyote kwa pamoja, kwa gari lililotoka kiwandani, huwa kwenye maikroni 100 hadi 150, na maikroni 1,000 ndizo milimita moja. Vanishi peke yake ni kama maikroni 40 au 50, yaani nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Humo ndimo ulimo mng'ao wote, na humo ndimo zilimo dawa zinazozuia jua lisiifikie rangi. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko vanishi kwa mbali. Iweke chini ya kitambaa, uikandamize kwa kiganja, uivute: imeshaandika.

Sasa fikiria safari ya gari lenyewe. Kwa wengi wetu gari jipya ni lile lililotumika Japani, maana sheria ya Kenya inaruhusu lisilozidi miaka 8. Limevuka bahari, likashushwa, likakaa nje kwenye yadi huku malori yakipita na vumbi likitua. Asubuhi mtu wa yadi anapita na kitambaa kikavu, anafuta magari yote yang'ae kabla wanunuzi hawajafika. Kitambaa kimoja, magari yote, bila tone la maji. Nasema bila kusita kwamba gari nyingi huharibiwa hapo, kabla mwenyewe hajakabidhiwa ufunguo.

Kisha tunaendeleza sisi. Tazama ndoo ya muoshaji wa kando ya barabara. Tambara linaanza kwenye tairi, linarudi ndooni, linatoka na maji ya kijivu, linapanda mlangoni. Likimponyoka likaanguka chini, linaokotwa, linakung'utwa mara moja, kazi inaendelea. Simlaumu kijana, analipwa kidogo na foleni ni ndefu. Lakini mwenye gari ana haki ya kusema, "Kaka, mwagia maji kwanza gari lote, vumbi lishuke, ndipo uguse." Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, kitambaa cha maikrofaiba kilicho safi, na tambara la tairi libaki la tairi. Sabuni ya unga iachiwe nguo, kwa sababu inakwangua nta yote uliyoipaka. Na anza juu ushuke, maana mchanga mwingi uko chini.

Mombasa ina shida yake nyingine, nayo ni maji. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vyetu vingi yana chokaa na chumvi. Yakikauka juani yanaacha madoa meupe ya mviringo ambayo wiki baada ya wiki yanashika kabisa. Siki iliyochanganywa na maji huyatoa yakiwa mapya, ukisuuza vizuri baadaye. Bora zaidi ni kuosha alfajiri au jioni, kivulini, bati likiwa baridi, na kukausha kabla maji hayajajikausha yenyewe.

Halafu kunguru. Anayeegesha chini ya mwembe mitaa ya Tudor au Kizingo anajua. Kinyesi cha ndege kina asidi, ila asidi ni nusu ya ubaya. Mchana vanishi hupata joto, ikalainika na kutanuka. Jioni inapoa na kusinyaa ikiwa imeukumbatia uchafu ule mkavu, na umbo lake linabaki. Usikisugue. Weka kitambaa kilicholowa maji juu yake dakika chache, kilainike, kisha kiinue.

Nta, seramiki (dawa ya maji inayopakwa ikakauka kuwa tabaka gumu), filamu: watu huniuliza ipi inalinda rangi. Nta ya karnauba, inayotokana na mti wa Brazili wa jamii ya mnazi, inapendeza ila haivumilii jua letu muda mrefu. Hesabu wiki, si miaka. Seramiki hukaa zaidi na maji huteleza juu yake, hivyo kuosha kunakuwa kwepesi, lakini ni tabaka jembamba mno, halizuii mchanga wala jiwe. Filamu ya plastiki ndiyo pekee inayopokea jiwe kwa niaba ya rangi, na bei yake inaonyesha hivyo. Ukiiweka bampa na boneti tu, umeokoa palipo na hatari kubwa.

Kabla ya seramiki fundi atataka kupiga polishi ili utando wa buibui utoke. Utatoka, kwa sababu atakuwa ameikwangua vanishi ya juu mpaka usawa wa chini ya mkwaruzo. Vanishi hiyo hairudi. Mwombe apime unene kwa mashine kwanza, na mikwaruzo mirefu iliyozama aiache. Baadhi ya magari meupe ya Japani hayana vanishi kabisa: polishi ikigeuza kitambaa kikawa cheupe, hiyo ni rangi yenyewe inayotoka.

Na chumvi ya bahari, ambayo kila mtu huiogopa? Haina haja sana na rangi isiyotoboka. Inasubiri bati. Jiwe likirukia boneti kwenye barabara ya Malindi likaacha kitobo cha ukubwa wa kichwa cha kiberiti, upepo wa bahari unaingia hapo, na kutu inatambaa chini ya rangi bila wewe kuiona hadi ivimbe. Chupa ndogo ya rangi ya gari lako, yenye namba ya rangi ile ile ya kibandiko cha mlangoni au chini ya boneti, inaziba kitobo hicho kwa dakika tano.