Je, wajua kwa nini wakala wa matangazo alikuwa analipwa na gazeti wakati kazi anamfanyia mwenye bidhaa?

Swali hili nililijibu vibaya kwa miaka, na jibu langu lilimtoa hela kaka yangu. Kaka ana karakana ya fanicha pale Keko, anatengeneza makochi, vitanda na makabati, na kuna mwaka alitaka tangazo la robo ukurasa gazetini kabla ya Idi. Jamaa mmoja wa kampuni ya matangazo akawa anamfuata, bosi niachie mimi, nitakuchorea, nitakuandikia na maneno, nitakupelekea gazetini. Mimi nikamwambia kaka achana naye, huyo dalali tu, nenda mwenyewe ofisini kwao utalipa pungufu.

Akaenda. Nirahisishe hesabu, tuseme robo ukurasa ilikuwa milioni 1 kabla ya VAT. Akalipa milioni nzima, halafu akaambiwa alete tangazo likiwa limeshachorwa kabisa, ikabidi azunguke Kariakoo kutafuta dizaina na kumlipa pembeni. Jioni tunaisoma tena ile karatasi ya bei, chini kabisa kuna kamstari kadogo: kamisheni ya wakala 15%. Yaani yule jamaa angeinunua nafasi ile ile kwa 850,000, angemtoza kaka milioni ile ile, na kuchora na kuandika kungekuwa humo humo. Kwenda mwenyewe hakukupunguza hata shilingi, kuliongeza gharama.

Nililoamini mimi wanaliamini wengi, kwamba kampuni ya matangazo inalipwa na mwenye bidhaa, inalipwa kwa ajili ya ubunifu, kwa hiyo ukiiruka unaokoa. Sasa kwa zaidi ya miaka mia moja biashara hii, hasa Marekani ilikokulia, ilikwenda kinyume na hivyo vyote. Punguzo lilitoka kwa gazeti kwenda kwa wakala, mwenye bidhaa hakulipata hata akija mwenyewe na hela mkononi, na ule ubunifu ambao leo ndio tunaouona kama kazi yenyewe ulianza kama nyongeza ya bure.

Kulielewa hili nenda stendi ya Makumbusho saa moja asubuhi. Mpiga debe anaita Mbagala, Mbagala, Mbagala, anakushika mkono, anakubebea na kifurushi, unapanda. Anayemlipa ni konda, gari likijaa anamwachia jero au buku. Wewe ungeweza kutembea mwenyewe mpaka mlangoni bila kuitwa na mtu, lakini nauli ni ile ile, konda hawezi kukwambia kwa vile hukuitwa na mpiga debe lipa pungufu, na kesho angeanza kufanya hivyo wapiga debe wangehamia gari lingine na yeye angeondoka na siti tupu. Abiria unaona unahudumiwa wewe, ila kibarua ni cha konda.

Weka gazeti mahali pa konda na wakala mahali pa mpiga debe, umeshafika Philadelphia miaka ya 1840. Volney Palmer alifungua ofisi pale (wengine wanataja 1841, wengine 1842) na kazi yake ilikuwa kuyatafutia magazeti watu wa kutangaza. Gazeti la mji mdogo lilikuwa na nafasi tupu na halina mtu wa kumtuma mji mwingine kutafuta muuza sabuni. Palmer akileta tangazo anakata chake, na alikuwa anakata kama 25%.

Hapo mfano wa stendi unaanza kupungukiwa, maana mpiga debe hakudhamini nauli yako. Wakala alifika huko. Gazeti lilimdai yeye, na mwenye bidhaa akichelewesha malipo au akifilisika hasara ni ya wakala. Ukiwahi kukaa kwenye kibanda cha wakala wa M-Pesa utaielewa haraka: floti ni hela yake, hasara akikosea namba ni yake, na kamisheni inatoka kwa kampuni ya simu ingawa siku nzima anayehudumiwa ni mteja aliyesimama dirishani. Kwa gazeti ile 15% ilikuwa bei ya kutokimbizana na wadaiwa mia moja, unamdai mmoja unayemjua. Ndiyo maana hawakumpa kaka, yeye ni mdaiwa mmoja mpya wanayemwona kwa mara ya kwanza.

Kabla asilimia haijatulia palikuwa na vurugu. Mwaka 1865 George Rowell wa Boston alianza kununua nafasi kwa jumla kwenye magazeti mengi na kuziuza kwa vipande kama mtu wa sokoni, na mnunuzi hakujua yeye kanunua kwa ngapi. Akaja kijana Francis Wayland Ayer, mwaka 1869, hapo hapo Philadelphia, mtaji dola 250. Kampuni akaipa jina la baba yake, N. W. Ayer & Son, ili ionekane ya watu wazima walioanza zamani. Huyu kwangu ndiye mkubwa kuliko wote kwenye habari hii, kuliko hata wale wenye majina ya kuandikwa kwenye maghorofa, kwa sababu mwaka 1876 alimwekea mteja mezani bei halisi ya gazeti, kisha akaongeza kamisheni ya kiwango kinachojulikana, mwanzo 12.5%, baadaye 15%. Hela bado ilipitia kwenye kamisheni ya gazeti, ila wakala akawa anasimama upande wa mteja. Mwaka 1893 chama cha wenye magazeti ya Marekani kikaafikiana kwamba kamisheni wapewe mawakala wanaotambuliwa tu, anayekuja mwenyewe asipewe. Kaka yangu alikutana na mlango uliofungwa miaka mia na ushee nyuma, kabla hajazaliwa baba yake, huko huko mbali, akiwa hapa Dar na ramani ya makochi kwapani.

Na kilichofuata ndicho kinachonipendeza zaidi. Bei ikishakuwa moja kwa kila wakala, utamvutaje mteja? Huwezi kumwambia mimi ni rahisi. Kilichobaki ni kumwambia mimi nitakuandikia vizuri, bure. Mwaka 1878 J. Walter Thompson aliinunua kampuni ya New York aliyokuwa ameajiriwa, kwa dola 500, na samani za ofisi akazilipia dola 800, viti na meza vilikuwa ghali kuliko biashara yenyewe, maana biashara ya kupeleka matangazo magazetini ilikuwa nini zaidi ya orodha ya majina? Thamani ilikuja baada ya watu kuanza kuandika. Chicago, Albert Lasker aliingia kampuni ya matangazo ya Lord & Thomas mwaka 1898 akiwa na miaka 18, na mwaka 1904 akamsikiliza mwandishi wa matangazo John E. Kennedy aliyemwambia tangazo ni muuzaji aliyehamia kwenye karatasi. Kuanzia hapo Lasker akawalipa waandishi hela nene, na hela hiyo ilitoka kwenye ile ile 15% ya magazeti. Mwandishi wa matangazo analishwa na bei isiyobadilika, mimi naona hilo ni jambo la ajabu kweli.

Ubaya wake unaonekana bila kuhangaika. Ukilipwa kwa asilimia ya matumizi, ushauri wa kupunguza matumizi unakukata mshahara. Serikali ya Marekani iliwafungulia kesi ya ushindani mawakala na vyama vya vyombo vya habari, na mwaka 1956 wakakubali kuacha kupangiana kiwango. Mwaka 1960 David Ogilvy, mwenye kampuni yake ya matangazo na aliyewahi kuwa mpishi hotelini Paris na muuza majiko ya Aga Uskochi, akachukua kazi ya Shell kwa ada iliyopatanwa badala ya kamisheni. Sababu yake ilikuwa hiyo hiyo, aweze kumwambia mteja ongeza au punguza bila kushukiwa. Leo kampuni kubwa nyingi zinalipwa ada, kwa saa au kwa kazi.

Lakini ile 15% haijafa. Mwaka uliofuata kaka alimrudia yule jamaa, akapigiwa picha za makochi na mpiga picha wa nje aliyetaka 340,000. Kwenye ankara ikaja 400,000, na pembeni pameandikwa 17.65%. Kaka akanipigia simu kwa hasira, mbona ulisema kumi na tano? Nikakaa na kikokotoo. Gazeti linatoa 15% kutoka kwenye bei ya juu, ile milioni. Mpiga picha hana bei ya juu, ana bei yake tu, kwa hiyo wakala anapandisha mpaka cha kwake kiwe 15% ya jumla: 60,000 ni 15% ya 400,000, na 60,000 hiyo hiyo ni 17.65% ya 340,000. Nikamsomea polepole, akaandika nyuma ya ankara, akarudia mwenyewe mara mbili, kisha akaniambia sawa, nimeiona, na akailipa.