Pumzi tunayo, shida iko kwenye kona

Kila mabinti wetu wakirudi kutoka mashindano ya kimataifa ya wanafunzi, iwe yale ya sekondari za Afrika Mashariki (FEASSSA) au ya vyuo, mtaani utasikia maneno yale yale, pumzi iliwaishia. Mimi nafundisha mbio za kati hapa Mbeya, mabinti wa sekondari na wa vyuo, na hilo la pumzi huwa nalikataa. Mji wenyewe uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa nayo imevuka 1,500, mtoto anapanda mlima Loleza alfajiri anashuka na bado anawahi darasani, huyo utamwambia hana pumzi? Tunachokosa ni kujua mbio zenyewe zinakimbiwaje ukiwa kwenye kundi, na hasa kwenye kona.

Chukua mita 800. Kila mtu anaanza na leni yake, mnapita kona ya kwanza humo humo, mkishaimaliza ndo mnaruhusiwa kuingia ndani. Sasa binti wetu kazoea uwanja wa nyasi wa shule ambako wote mnaanza mstari mmoja na mwenye viwiko vigumu ndo anapita, kapangiwa leni ya 8, akivuka tu ule mstari wa kuruhusiwa anakata ghafla kuelekea leni ya kwanza, anakutana na wenzake nao wanaingia, anagongwa, hatua inavunjika, spidi anaanza kuitafuta upya. Na wakati mbele yake kuna mita 80 na kitu zilizonyooka! Zitumie zote, chora mshazari mmoja mrefu unaoishia kona ya pili inapoanza, umbali unaoongezeka ni kidogo sana na hugombani na mtu.

Halafu hesabu ambayo huwa naichora chini kwa kijiti. Leni moja ina upana wa mita 1.22. Kona nzima ukiikimbia leni ya pili badala ya ya kwanza umeongeza kama mita 3.8, yaani 1.22 mara pai. Baada ya kona ya kwanza zinabaki tatu, kwa hiyo umejiongezea zaidi ya mita 11, na kwa binti anayekimbia mita 800 kwa dakika 2 na sekunde 4 hiyo ni karibu sekunde 1.8. Kwenye nusu fainali sekunde 1.8 ni kwenda fainali au kukaa jukwaani na jaketi.

Ila usikimbilie kujibanza kwenye ukingo wa ndani kabisa, hapo utafungiwa, mmoja mbele mmoja ubavuni mmoja nyuma, kengele ya mzunguko wa mwisho inalia wenzio wanaondoka we bado unatafuta pa kutokea. Kaa begani kwa anayeongoza, upande wa kulia, nusu hatua nyuma. Na kutoka ulipofungiwa kunafundishika: naweka mabinti wanne, mmoja kafungiwa, nikipuliza filimbi ana mita 100 atoke bila kumsukuma mtu. Mara nyingi dawa ni kupunguza hatua mbili tatu, wa ubavuni akisogea unatoka kwa nyuma yake. Wanalichukia hili zoezi kuliko hata milima, wanaona kupunguza ni uoga.

Kitu kingine ni kushuka. Michezo ya Dunia ya Vyuo Vikuu ya 2025 riadha ilikuwa Bochum, Ujerumani, pale ni kama mita 100 tu kutoka usawa wa bahari. Mtu wa huku akifika kwenye hewa nzito namna ile mzunguko wa kwanza anauona mwepesi mno, mlipanga sekunde 62 anapita na 59 anatabasamu, mita 150 za mwisho miguu inagoma. Hapo lazima atokee mtu aniambie mbona Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi aliondoka mbele toka mwanzo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, 1974 akaweka rekodi ya dunia ya mita 1500, 3:32.2. Sawa, ila Bayi hakuwa anabahatisha, na ile ilikuwa fainali, siyo mchujo ambao baada yake una nusu fainali na fainali inakusubiri.

Na kwa kuwa ni wasichana niliseme hili, madini ya chuma. Wanapoteza damu kila mwezi, mwili wa mtu wa milimani unahitaji chuma zaidi kutengeneza damu, halafu maharage na mboga za majani tunazishushia na chai, na chai inazuia chuma kuingia mwilini. Chai ya Tukuyu naipenda sana tu, lakini ikae mbali na mlo, hata saa moja, na binti anayechoka bila sababu apimwe damu kabla kocha hajamwita mvivu.

Walimu mnaosema hamna uwanja, tafuteni kigingi, kamba na chokaa. Kona ya uwanja wa kawaida nusu kipenyo chake ni mita 36.5. Funga kamba kwenye kigingi, zunguka nusu duara, huo ndo ukingo wa ndani, ongeza mita 1.22 uzunguke tena, leni ya kwanza hiyo, endelea mpaka zifike tatu. Mtapata kona moja, na hilo zoezi la kufungiwa linafanyika hapo hapo bila tatizo.